Simu usiku inamwangusha kijana aliyeokoka, akeshe vipi?

Muulizaji wa Ngamiani, Tanga: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna kijana aliyeokoka, asubuhi anasali vizuri, usiku akishika simu anaanguka katika dhambi ya tamaa. Afanyeje?

Anayejibu kutoka Chumbageni: Amina. Soma Yakobo 1:14-15: tamaa huvuta, huchukua mimba, ndipo huzaa dhambi. Apambane pale inapovuta. Simu ichajiwe sebuleni kuanzia saa 3 usiku, chumbani abaki na Biblia ya karatasi. Uchovu na upweke ndio mlango wenyewe.

Raskazone: Mathayo 26:41 inataja kukesha pamoja na kuomba. Wengi hufunga siku 3, kisha hurudia ratiba ileile! Amtafute mzee wa kanisa, mwanamume mwenzake, amweleze kila wiki bila kuficha.

Pongwe: Akianguka atubu usiku uleule, 1 Yohana 1:9. Asisubiri ibada ya Jumapili.