Naomba msaada: Kiingereza cha kuzungumzia uraia kinanichanganya

Mwanagenzi: Wakuu, salaam. Najiandaa kwa mtihani wa kuzungumza Kiingereza na mada mojawapo ni uraia. Neno moja moja nalijua, shida ni kuyapanga. Jana niliandika "I requested citizenship and they removed my old citizenship", karatasi ikarudi imejaa wino mwekundu. Nilitaka kusema niliomba uraia mpya, ule wa zamani nikaukana. Nina wiki mbili tu.

KalamuNyeusi: Mkuu, kuomba uraia ni "apply for citizenship". Hiyo "for" usiiache, wengi huteleza hapo. Ukikubaliwa: "I was granted citizenship". Ukisema "given" utaeleweka, ila kwenye nyaraka na taarifa za habari utakutana na "granted". Kuwa nao ni "hold", kwa hiyo mwenye uraia pacha husema "I hold dual citizenship".

Bi Mkalimani: Mwanangu, kosa kubwa liko kwenye kuukana. Jiulize kwanza nani kaamua. Ukiukana mwenyewe ni "renounce". Ukivuliwa na serikali ni "be stripped of". Wanasheria Uingereza husema "be deprived of". "Revoke" nayo ni kazi ya serikali, kwa hiyo usije ukasema "I revoked my citizenship". "Lose" haisemi nani kaamua. Inafaa pale sheria inapoufuta uraia wako wa kwanza kwa sababu umechukua wa nchi nyingine. Wewe ulivyoandika, msomaji anaelewa umenyang'anywa, na mtu aliyenyang'anywa uraia huulizwa maswali mengine kabisa.

Mwanagenzi: Kumbe! Sikuliona hilo hata kidogo, asante sana Bi Mkubwa. Na uraia wa kuzaliwa, wa kurithi, wa tajnisi (ule mgeni anaouomba na kupewa)?

KalamuNyeusi: Zote zinabebwa na "by": "by birth", "by descent", "by naturalisation". Marekani huandika hiyo ya mwisho kwa z, na ndilo neno lililo kwenye jina la fomu yao ya maombi, N-400. Kula kiapo ni "take the oath of allegiance".

Msomi_wa_Usiku: Naongeza dogo: ni "a citizen of Canada", sio "from".

Mwanagenzi: Nimejaribu tena: "I applied for citizenship, took the oath of allegiance and renounced my former citizenship."

Bi Mkalimani: Hapo sawa, mwanangu. Sasa iseme kwa sauti bila kusoma.