Mvua ya mawe: mbona sehemu zingine kila mwaka, zingine kamwe?

Kipanga_Juu
Wakuu salama? Nieleweshwe hapa. Mvua ya mawe inapiga shamba hili inalipukutisha lote, mahindi yanabaki vijiti, halafu jirani wa pembeni tu hajapata hata punje, yake yamesimama vilevile. Tena kuna sehemu lazima ipige kila mwaka na kwingine mtu anazeeka hajawahi kuiona. Ni bahati au kuna sababu? Na nchi za joto si ndo zingekuwa salama, barafu inatoka wapi?

wingu_refu
Mkuu, shamba lipi lipigwe hapo bahati ipo, ila eneo lipi siyo bahati kabisa. Mvua ya mawe haihitaji baridi huku chini, inataka joto na unyevu chini halafu baridi kali juu, ndo maana inapiga sana mchana kuelekea jioni jua likishachoma ardhi. Hewa ya joto inapanda kwa kasi ndani ya lile wingu refu jeusi la radi, inabeba matone mpaka kule juu, na yale maji yanaweza kufika hata nyuzi 10 chini ya sifuri na bado hayajaganda, yanasubiri kitu cha kushika. Punje ya barafu ikipita hapo yanaigandia, tabaka juu ya tabaka, mpaka upepo unaopanda ushindwe kuibeba, ndo inaanguka. Ukiokota jiwe kubwa lipasue katikati utaona duara ndani ya duara kama kitunguu, jingine jeupe jingine angavu. Lile jeupe lina vipovu vya hewa maana maji yaliganda ghafla, lile angavu yaliganda taratibu hewa ikapata muda wa kutoka.
Sasa jirani: wingu linatembea, na sehemu yake inayomwaga mawe ni nyembamba, mara nyingi kilomita chache tu kwa upana ila inaweza kuburuta makumi ya kilomita. Nje ya huo mkanda unapata mvua ya kawaida.

mama_majani
Naongezea kwenye nchi za joto maana hapa ndo wengi wanachanganyikiwa. Huku tropiki usawa wa kuganda, yaani kimo ambako hewa inafika nyuzi sifuri, uko juu, karibu kilomita 5 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo pwani jiwe linashuka njia ndefu kwenye hewa ya joto linafika limeshakuwa tone. Panda mpaka mita 2,000 hiyo njia imefupika sana. Ndo maana Kericho na Nandi Hills kule Kenya, karibu kabisa na ikweta, zinatajwa duniani kote, kuna miaka imerekodiwa zaidi ya siku 100 zenye mvua ya mawe! Unyevu unatoka Ziwa Victoria, unasukumwa kupanda ile miinuko, unakutana na upepo wa kutoka mashariki, mchana mawingu yanafumka. Na chai inaumia vibaya jamani, kinachochumwa ni majani mawili na kichipukizi, na hivyo laini vya juu ndo vinavyochanwa kwanza.

nyuzi_sifuri
Wote mko sawa ila msichanganye mara nyingi na makubwa. Kericho mawe ni mengi lakini kwa kawaida madogo. Makubwa yanataka upepo unaobadilika mwelekeo na kasi kadiri unavyopanda, unalilaza wingu kidogo ili mvua isije ikaizima hewa yake yenyewe inayopanda, hivyo dhoruba inaishi masaa. Hayo utayapata Marekani kwenye tambarare za mashariki ya milima ya Rocky (Colorado, Nebraska, Wyoming), unyevu unatoka Ghuba ya Mexico na hewa kavu inatoka milimani. Argentina nayo vilevile, Mendoza na Córdoba, mashariki ya Andes. Mfano ni jiwe lililoanguka mji wa Vivian, South Dakota, hukohuko Marekani, tarehe 23 Julai 2010, lilikuwa na kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 880.
Ila kwa vifo ni Asia Kusini. Moradabad, India, 1888 walikufa watu 246, na Gopalganj, Bangladesh, 1986 walikufa 92 kwa mawe yaliyofika kilo moja. Inaniuma sana hii, maana mtu aliyeko wazi shambani hana pa kukimbilia.

Kipanga_Juu
Asanteni sana, nimeelewa hasa hapo kwenye mwinuko. Na ikikukuta nje unafanyaje?

nyuzi_sifuri
Ingia ndani ya jengo au gari haraka, kaa mbali na vioo. Mti usiukimbilie, radi iko kwenye wingu hilohilo. Ukikosa kabisa, inama ukifunika kichwa na shingo kwa begi, ndoo, chochote kigumu, jiwe la zaidi ya sentimita 10 linaweza kushuka kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Na ikinyamaza ghafla usitoke kuokota mawe, subiri radi ziishe kwanza.