Mjadala: Je, Kisumu iombe kuandaa mashindano ya magongo ya mataifa ya daraja la pili?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: je, kaunti za magharibi mwa Kenya, Kisumu ikitangulia, zitumie fedha za umma kujenga uwanja wa nyasi bandia wa mpira wa magongo, kwa nia ya kuandaa mashindano ya wanaume ya mataifa ya daraja la pili? Wanaopinga wanasema kwamba mashindano hayo ni makombo ya Kombe la Dunia na kwamba fedha hizo zina kazi nyingine. Wanaounga mkono wanataka tuombe uenyeji mara moja, kwa kuwa uwanja wa Mamboleo ulibeba sherehe za Madaraka mwaka 2021 na mji ukapokea wageni wa Africities, mkutano wa miji ya Afrika, mwaka 2022. Mimi nautaka uwanja huo kwa moyo wote, lakini naipinga haraka ya uenyeji.

Kwanza, hayo si makombo. Mashindano ya Champions Challenge, yaliyokuwa ya daraja la pili, yalipoanzishwa Kuala Lumpur mwaka 2001, mshindi alikuwa India, taifa lenye dhahabu nyingi za Olimpiki. Ubelgiji iliyashinda mwaka 2011 kule Johannesburg. Miaka mitano baadaye ilichukua medali ya fedha ya Olimpiki ya Rio, ikatwaa Kombe la Dunia mwaka 2018, kisha dhahabu ya michezo ya Tokyo mwaka 2021. Leo nafasi hiyo imeshikwa na Nations Cup, iliyoanza Potchefstroom mwaka 2022 kwa timu 8, ambapo mshindi hufunguliwa mlango wa Pro League, ligi ya mataifa ya daraja la juu. Timu inayofungwa mabao kumi na Uholanzi, kisha ikapanda ndege kurudi nyumbani, hujifunza kidogo mno ikilinganishwa na ile inayopambana na Malaysia, Kanada na Japani ndani ya wiki moja, ambapo kila mechi inaweza kwenda upande wowote.

Kenya haikuwa mgeni katika mchezo huu. Tulimaliza nafasi ya 6 Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 na nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, enzi za nahodha Avtar Singh Sohal. Kisha ikaja Montreal 1976, ambako magongo ya Olimpiki yalichezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi bandia. Kenya haikuwepo, kwa sababu nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo kupinga ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1980 pia hatukwenda Moscow. Siulaumu msimamo wa 1976, ulikuwa wa haki. Ninachosema ni kwamba mchezo ulibadilika chini ya miguu ya wenzetu wakati sisi hatupo. Tulirudi mwaka 1984 na 1988, na tangu hapo timu yetu ya wanaume haijakanyaga tena uwanja wa Olimpiki.

Tofauti kati ya nyasi za kawaida na nyasi bandia inaonekana waziwazi ukitazama mazoezi ya shule zetu. Friends School Kamusinga, St. Anthony's Kitale na Musingu zimelea wachezaji hodari kwa miaka mingi, na kwa wasichana Sinyolo imefanya vivyo hivyo. Lakini kwenye nyasi za kawaida mpira hurukaruka, kwa hiyo beki huinama, huutuliza, huuangalia tena kama umetulia kweli, ndipo ainue kichwa kutafuta wa kumpa pasi. Kwenye nyasi bandia mpira huja ukiteleza chini na wenzake wa nje huupokea kichwa kikiwa tayari juu. Huyo wa kwetu hakosi kipaji. Amefundishwa na ardhi kuugusa mpira mara mbili pale ambapo mchezo wa leo unamruhusu mara moja. Akitaka kurekebisha hilo, anahamia Nairobi. Hata klabu ya Butali Sugar Warriors, wenye jina la kiwanda cha sukari cha Kakamega, wamekuwa wakicheza mechi zao nyingi huko.

Sasa gharama. Viwanja vya mashindano makubwa kwa kawaida humwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira uteleze. Siwezi kutetea jambo hilo katika mji ambao mama wa mtaa wa Nyalenda ananunua maji kwa mtungi ilhali ziwa linaonekana. Lakini zipo nyasi bandia zinazowekwa mchanga, zisizohitaji kumwagiwa maji, na kwa shule na vilabu zinatosha kabisa. Tukichagua hizo, huenda tusistahili kuandaa mashindano ya kimataifa kwa sasa, nami nalikubali hilo bila uchungu. Isitoshe, shirikisho la kimataifa lenyewe linasukuma mchezo kuelekea viwanja vikavu, kwa hiyo kujenga cha maji leo kwa ajili ya wageni wa siku kumi ni kukimbilia kinachoondoka.

Wanaotaka uenyeji wakumbuke pia kwamba Afrika Kusini ilishinda Nations Cup mwaka 2022 lakini haikupanda Pro League, na New Zealand iliposhinda mwaka 2025 nafasi hiyo ikaenda kwa Pakistani. Gharama za kusafiri kati ya mabara zimewalemea hata wao. Kaunti isiyotenga fedha za kubadilisha nyasi zikichakaa haina haki ya kuahidi karamu ya mataifa.

Kwa hiyo nawauliza wanaopinga: kama tatizo ni fedha, je, mtaukubali uwanja mmoja wa mchanga ambao kaunti za Kisumu, Kakamega, Bungoma na Trans Nzoia zitachangia kwa pamoja, wenye ratiba ya shule kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa na vilabu wikendi? Na ninyi mnaotaka uenyeji, nani atashika ufunguo wa lango mashindano yakiisha, na mchezaji wa kidato cha pili kutoka Kimilili ataingia kwa kibali cha nani?