Tupeane uzoefu: kielezi cha Kiingereza kinakaa wapi kwenye sentensi?

Binti Sarufi
Wadau, kuna kosa linalojirudia kwenye insha za Kiingereza bila kuchoka: "He speaks well English." Chanzo kinaeleweka. Kwa Kiswahili "anazungumza vizuri Kiingereza" inapita bila kumkwaza msikilizaji, kwa hiyo mwandishi anadhani na Kiingereza kitaipokea. Hakiipokei. Kitenzi na yambwa yake (kile kinachotendwa, hapa English) hushikana, kielezi kinasubiri nje: "He speaks English well." Mnaofundisha, mnaotafsiri na mnaohariri, mnalielezaje jambo hili hadi likae?

Kalamu ya Risasi
Anza na always, usually, often, rarely na never, maana ndivyo vinavyotumika kila saa. Hatua ya kwanza ni kutazama kama kuna kitenzi kisaidizi. Kama kipo, kielezi kinakuja baada ya kisaidizi cha KWANZA. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: wamekaririshwa "kabla ya kitenzi kikuu", basi wanaandika "The letter should have been never sent". Visaidizi hapo ni vitatu, should, have na been, na kinachohesabika ni should: "The letter should never have been sent."
Kama hakuna kisaidizi, kielezi kinatangulia kitenzi: "She always comes late." Kama kitenzi ni be (am, is, are, was, were) peke yake, kielezi kinafuata: "She is always late." Kwenye swali kinapita nyuma ya kiima (mtenda): "Do you often travel?"

Nukta
Mkuu, umesema kweli, ila be ina vituko viwili zaidi. Kwenye amri kielezi kinatangulia: "Always be careful." Na kwenye jibu fupi vilevile. Mtu akiuliza "Are you usually here?", jibu ni "Yes, I usually am". Ukisema "Yes, I am usually", sentensi inabaki ikining'inia.

Msomaji wa Usiku
Hiyo ya "I usually am" ni kweli kabisa. Mazoezi mengi yanairuka.

Mfasiri Mkongwe
Msisahau kukanusha. Still na probably vinatangulia kisaidizi chenye not: "I still don't understand", "She probably won't come". Kwenye kauli ya kukubali, probably inarudi nyuma ya kisaidizi: "She will probably come."
Really ndiyo ya kuangalia kwa makini. "I really don't know" ni sijui kabisa. "I don't really know" ni sina uhakika sana. Neno limeruka don't tu, na mkalimani asiyesikia tofauti hiyo anaweza kugeuza ushahidi wa mtu.

Jembe
Kanuni moja muhimu imesahauliwa: usitie kielezi kati ya to na kitenzi. Ni kosa.

Nukta
Ndugu Jembe, si kosa. Katazo hilo lilipata nguvu karne ya 19, na waandishi wazuri wa Kiingereza hawakulitii wote, kabla yake wala baada yake. Jaribu kuhamisha "more than" kwenye "We expect prices to more than double". Utaipeleka wapi?

Jembe
Mfano mmoja hauvunji kanuni. Kwenye barua rasmi bado kuna wasomaji wanaokwazika.

Binti Sarufi
Basi tuangalie maana. "They decided quickly to leave": uamuzi ndio wa haraka. "They decided to leave quickly": kuondoka ndiko kwa haraka. Mahali panapoleta utata, weka kielezi karibu na kitenzi chake, hata kama ni baada ya to.

Wakili wa Zamu
Mkitaka kuona uzito wa jambo hili, someni kesi ya Flores-Figueroa ya Marekani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2009. Sheria inaongeza miaka 2 gerezani kwa mtu ambaye "knowingly" anahamisha, anamiliki au anatumia, bila mamlaka halali, kitambulisho "of another person". Mshtakiwa alimpa mwajiri wake namba za kughushi, na kumbe zilikuwa za watu halisi. Serikali ilisema knowingly haifiki kwenye maneno hayo ya mwisho: inatosha alijua anatumia kitambulisho ambacho si chake. Utetezi ukasema inafika hadi mwisho: lazima awe alijua kuna mtu mwingine mwenye namba hizo. Majaji wote 9 walikubali matokeo ya upande wa utetezi. Miaka 2 ya mtu ilining'inia kwenye kielezi kimoja!

Msomaji wa Usiku
Duh. Nimeacha kila kitu kusoma hii.

Mfasiri Mkongwe
Mheshimiwa Wakili, hapo kielezi hakikuhama. Kilichobishaniwa ni upeo wake, yaani kinafika hadi neno lipi.

Wakili wa Zamu
Upeo unatokana na mahali, mzee wangu. Kimekaa mbele ya vitenzi vyote vitatu, ndiyo maana msomaji wa kawaida anakisikia kikifunika na yambwa yake. Wangeandika "that he knows belongs to another person", ubishi usingekuwepo.

Kalamu ya Risasi
Turudi kwenye vya kila siku. "He answered the questions foolishly": majibu yalikuwa ya kijinga. "He foolishly answered the questions": majibu huenda yalikuwa sahihi, ujinga ni kule kukubali kujibu. Na wanaoandika barua za kupendekeza watu kazini, chondechonde: "She worked hard" ni sifa, "She hardly worked" (karibu hakufanya kazi) inamnyima mtu ajira.

Mgeni Hapa
Samahani walimu, namna, mahali na wakati zikikutana mwishoni, ipi inatangulia?

Binti Sarufi
Karibu, ndugu Mgeni. Kwa kawaida ni namna, mahali, wakati: "He sang beautifully in the hall last night." Ila kwa vitenzi vya mwendo kama go na come, mahali panashikana na kitenzi: "He went home quickly." Na every day ipeleke mwishoni au mwanzoni. "I every day go" haipo.