Choroko ninazootesha jikoni zinaoza siku ya pili: nakosea wapi?

Mama wa Isevya (Tabora Mjini)

Ndugu zangu, habari za leo. Naishi Isevya hapa Tabora, na tangu mwezi wa tisa nimekuwa nikijaribu kuotesha choroko jikoni ili zituongezee mboga, kwa sababu kiangazi hiki mchicha na matembele vimeadimika sokoni na nyumbani kwangu wanakula watu sita. Nimejaribu mara tatu na mara zote nimeshindwa, ingawa si kwa namna moja.

Mara ya kwanza niliroweka kilo nzima kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi nikamwaga maji, nikafunika na kuiweka ndoo karibu na jiko la mkaa nikiamini kwamba joto litaziharakisha. Jioni ya siku ya pili nilipofunua nilikutana na harufu ya togwa lililochacha, na nilipozamisha mkono katikati nilizikuta zina joto na zinateleza kama bamia. Mara ya pili nilipunguza hadi nusu kilo nikawa nazisuuza mara moja kwa siku. Za juu ziliota, za chini zikaoza. Mara ya tatu nilizitandaza kwenye sinia dirishani. Hizo ziliota zote, lakini zilikuwa nyembamba kama uzi, zina vijani na mizizi mingi, na nilipozipika zilikuwa chungu hata watoto wakazisogeza pembeni ya sahani.

Naomba mwenye uzoefu anieleze kosa liko wapi. Vilevile ndugu yangu ameniletea maharage ya njano kutoka Kigoma kwa treni, nami nataka kujua kama yanaweza kuoteshwa na kuliwa kwa namna hiyohiyo.

Mpishi wa Ujiji

Dada yangu, pole sana. Huku Ujiji joto la kando ya ziwa halitupi nafasi ya kubahatisha, na mimi nilitupa choroko nyingi kabla sijaelewa kwamba choroko inayoota ni kitu kinachopumua, na kwa kupumua huko hutoa joto lake yenyewe. Ule moto uliousikia katikati ya ndoo haukutoka kwenye jiko peke yake. Ukizirundika kilo nzima, zile za katikati hukosa hewa, hupata joto kuliko zinavyoweza kustahimili, na maji yaliyobaki chini huchacha. Kwa hiyo kusuuza si kwa ajili ya kuzinywesha tu. Ni kwa ajili ya kuzipoza, na ndiyo maana mara moja kwa siku haitoshi kabisa katika joto la Tabora la mwezi wa kumi.

Mimi hufanya hivi. Nachukua choroko gramu 200, yaani kikombe kimoja cha chai kilichojaa, nachambua vipande na zilizotobolewa na fukusi, kisha naziroweka saa mbili usiku katika maji safi yanayozidi choroko mara tatu. Saa kumi alfajiri nazichuja. Hapo kagua kwa makini: zilizoroweka vizuri zimevimba na ganda limeanza kupasuka, ila utaona chache zimebaki ndogo na ngumu kama kokoto. Hizo ziondoe, kwani hazitaota, na zitakuumiza meno.

Chombo changu ni ndoo ya plastiki ya lita 5 niliyoitoboa kitako chote kwa msumari wa moto, na ndani nimetandika kipande cha kanga kuukuu kilichochemshwa. Naiweka juu ya matofali mawili ndani ya beseni ili maji yapite yote na pasibaki hata tone la kuogelea. Nazisuuza mara nne kwa siku, na ili nisisahau nafuata nyakati za swala: alfajiri, adhuhuri, alasiri na isha. Namimina maji taratibu, mengi, mpaka yanayotoka chini yawe baridi kama yanayoingia. Hicho ndicho kipimo changu, wala siangalii saa.

Kuhusu wembamba na uchungu, makosa yako yalikuwa mawili. La kwanza ni mwanga. Choroko ikiona mwanga hujitayarisha kuwa mmea, hutoa ukijani na uchungu, kwa hiyo funika ndoo kwa kitambaa cheusi tangu mwanzo hadi mwisho na ufunue wakati wa kusuuza tu. La pili ni kwamba hazikuwa na uzito juu yake. Mara tu zinapoanza kutoa mkia, siku ya pili, weka juu yake sahani inayoingia ndani ya ndoo na juu ya sahani jiwe safi la kilo moja hivi. Zikisukumana chini ya uzito hutoa kwa wingi gesi iitwayo ethilini, ileile inayoivisha ndizi tunazovundika, na gesi hiyo huzifanya shina linenepe badala ya kurefuka. Siku ya nne utazikuta nyeupe, nene, na ukivunja moja utasikia mlio. Kikombe kile kimoja hunipa karibu kilo moja.

Nazipika kwa mawese: kitunguu, nyanya, dagaa waliokaangwa kando, kisha choroko mwisho, motoni dakika tatu au nne, na tunakula kwa ugali wa muhogo.

Bwana Shamba Mstaafu (Nzega)

Maelezo ya ndugu wa Ujiji ni sahihi, nami naongeza jambo linalotangulia ndoo, yaani mbegu yenyewe. Choroko hustawi sana huku Nzega na Igunga, hivyo hapo Tabora huna haja ya kutumia zilizokaa dukani misimu miwili. Kabla ya kununua nyingi, chukua punje 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili, kisha hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 90, tafuta nyingine, kwa sababu zile zisizoota hazikai kimya. Huoza na kuambukiza jirani zake, na inawezekana hili ndilo lililokupata mara ya pili.

Jambo la pili naliomba ulizingatie mno. Usioteshe kamwe, kwa ajili ya kula, mbegu iliyouzwa kwa kupanda. Mbegu hizo hupakwa dawa za kuua ukungu na wadudu, na kwa kawaida hutiwa rangi nyekundu, ya waridi au kijani ili mtu asizile, lakini nimewahi kumwona mama mmoja akizisuuza mpaka rangi ikatoka, akidhani na dawa imetoka. Haitoki. Hata choroko za chakula, muulize muuzaji kama amezichanganya na dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Zilizo salama zaidi ni zile zinazonunuliwa kwa mkulima zikiwa mpya na kuhifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote.

Ama maharage ya njano, yataota, na yakishaota huiva haraka kuliko makavu, jambo linalookoa mkaa. Hata hivyo hayaliwi mabichi wala nusu mbichi. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini ambayo husababisha kutapika na kuharisha vibaya. Kuotesha huipunguza lakini hakuimalizi, na moto mdogo hauiui. Yachemshe kwa nguvu mpaka yaive kabisa. Yasitumike kama choroko za kukaanga dakika tatu.

Muuguzi wa Kigoma

Naunga mkono, na nawaomba msiwape watoto wadogo, wajawazito na wazee choroko hizi zikiwa mbichi kwenye kachumbari, hata kama zinapendeza. Unyevu na joto vinavyoiotesha choroko ndivyo vinavyozalisha bakteria, na bakteria hao huweza kuja na mbegu yenyewe, wakajificha katika nyufa za ganda ambako kusuuza hakuwafikii. Mwaka 2011 nchini Ujerumani watu zaidi ya 50 walifariki na maelfu waliugua kwa bakteria wa E. coli, na chanzo kilichobainika ni machipukizi ya uwatu. Zipike mpaka mvuke utoke hadi katikati ya sufuria. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kusuuza, na maji yawe yale mnayokunywa, si ya kisimani yasiyochemshwa. Asiye na friji azipike siku anayozivuna.

Mama wa Isevya (Tabora Mjini)

Shikamoo mzee wangu wa Nzega, na ahsanteni nyote. Nimerudi baada ya siku nane. Nilianza na punje 100 na zikaota 71 tu, kumbe choroko zangu zilikuwa za zamani. Nilinunua nyingine kwa mkulima sokoni, zikaota 96. Nikatoboa ndoo, nikaweka jiwe, nikaihamishia sakafuni nyuma ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote jikoni. Jana asubuhi nilipoondoa sahani, choroko zilikuwa zimeinuka nayo kama vidole viwili, nyeupe, hazina harufu yoyote isipokuwa ile ya majani mabichi. Nilizipika kwa karanga za kusaga na sufuria ilirudi tupu.

Nabaki na swali moja: je, kunde nazo zifuate mpango huuhuu?

Bwana Shamba Mstaafu (Nzega)

Marahaba mwanangu. Ndiyo, kunde zifanyie vivyo hivyo, isipokuwa usizisubiri siku ya nne. Zivune mkia ukiwa urefu wa ukucha, na uzipike muda mrefu kidogo kuliko choroko.