Mass Effect au Witcher 3? Nimeambiwa mwisho wa moja unaudhi

Msimbati_Pwani: Wakuu, salamu kutoka Mtwara mjini. Hela ya korosho imeingia, nataka gemu moja la hadithi la kunikalisha ndani mpaka mvua zikatike. Nimebaki na mawili: Mass Effect Legendary Edition, yaani Mass Effect zote tatu kwa pamoja, au The Witcher 3. La kwanza nasikia linanoga kote, kisha mwisho wake unaudhi. Ni kweli? Nichukue lipi?

Fundi_Ligula: Mkuu, hujasema unachezea nini. PS4 au kompyuta? Diski au unapakua? Legendary kwenye kompyuta inataka GB 120, kwa bando za simu utakesha wiki.

KoroshoGhafi: Witcher 3, usijiulize mara mbili. Ni la 2015 na bado halijapata mpinzani. Tafuta toleo la 2016 lenye nyongeza zote mbili. Ya pili, Blood and Wine, inamuaga Geralt, shujaa wa gemu, kwa heshima. Mass Effect utalia.

BintiMasasi: Utalia kweli, ila watu husema "mwisho mbaya" bila kueleza ubaya wenyewe. Mimi nilicheza Mass Effect la tatu kwenye PS3, diski ya mtumba kutoka kwa muuzaji mmoja Dar, ikaja na basi. Lile la 2012 lilikuwa na kipimo cha utayari wa majeshi. Usipocheza na wengine mtandaoni, kipimo kinaganda asilimia 50, yaani nguvu ulizokusanya zinahesabiwa nusu. Diski mpya ilikuja na namba ya kufungulia upande wa mtandaoni, ya kutumika mara moja. Yangu ilishatumika na muuzaji akanyamaza. Hata ingekuwa mpya, intaneti nyumbani ilikuwa ya kuazima simu ya kaka. Basi nimepatanisha mahasimu wa karne, nimekusanya meli kila pembe, naambiwa jeshi halitoshi. Nikafika mwisho, mtoto wa mwanga akanipa njia tatu, nikachagua, mlipuko ukapita kwa rangi ya njia niliyochagua, meli yetu ikaanguka, majina yakaanza kupanda. Wenzangu niliotembea nao gemu zima, nani kapona, nani kafa, sikuambiwa. Juni 2012 ilitoka nyongeza ya bure ya kufafanua, lakini bure ni kwa mwenye bando la kuipakua.

Huzuni haikuniudhi, hadithi ya vita ina haki ya kuhuzunisha. Kilichoniuma ni kwamba tangu 2007 gemu lilikuwa linakukumbusha kila neno ulilosema, nani ulimwacha hai, nani ulimtupa. Mwisho ukauliza swali moja jipya, na yote yale hayakubadilisha hata maneno ya swali.

Msimbati_Pwani: Dada jamani! Mtoto wa mwanga? Umenimalizia utamu wote. Niko PS4, nataka diski.

BintiMasasi: Pole kaka, lakini umeuliza mwisho unaudhi vipi. Ningejibuje bila kuugusa?

MzeeWaMikindani: Mwanangu Msimbati, usitishike. Hayo ya BintiMasasi hayatakukuta. Legendary ya 2021 haina mchezo wa mtandaoni kabisa, na ile nyongeza ya Juni imo ndani tayari. Nami siamini mwisho ni dakika kumi za mwisho. Gemu zima la tatu ni mwisho. Ukifika sayari ya Tuchanka, ukifika ya Rannoch, utaona ulichopanda tangu mwanzo kinavunwa. Nyongeza ya Citadel icheze kabla ya vita ya mwisho, pale ndipo mnapoagana.

KoroshoGhafi: Kinavunwa wapi, mzee? Malkia wa rachni, wale viumbe kama wadudu, ukimuua gemu la kwanza, la tatu linakuletea wa bandia aliyechukua nafasi yake. Uamuzi gani huo?

MzeeWaMikindani: Na Witcher je? Hatima ya Ciri, binti aliyelelewa na Geralt, inaamuliwa na mazungumzo machache ambayo hukujua yana uzito. Unakataa kurushiana naye theluji, kumbe umejipunguzia.

BintiMasasi: Mzee wangu, hapo ndipo Witcher inaposhinda. Unahukumiwa kwa ulivyomtendea yule binti. Ukiumia, unajua uliumia kwa lipi.

Nachingwea_Kwetu: Mashabiki waliwatumia BioWare, watengenezaji wa Mass Effect kule Kanada, keki ndogo za rangi tatu zenye ladha moja, kama ule mwisho. Ujumbe ulifika.

MzeeWaMikindani: Ulifika, lakini mimi sikuupenda. Mtunzi akimaliza kazi, amemaliza. Tukianza kudai miisho ibadilishwe, kesho kila mtunzi ataandika akituangalia usoni.

BintiMasasi: Mtunzi aliyeniambia maamuzi ni yangu hawezi kuniambia mwisho ni wake peke yake.

Fundi_Ligula: Tuache hayo kidogo. Msimbati, una stebilaiza? PS4 ngapi nimezifungua hapa baada ya umeme kurudi kwa kishindo. Hadithi ya saa mia inaondoka na faili la kuhifadhi kabla hujafika mwisho wowote. Nunua stebilaiza kwanza.

KoroshoGhafi: Na diski usiagize kwa mtu usiyemjua. Barabara ya Somanga ilipokatika Mei 2024 mzigo wangu ulikwama njiani, muuzaji akaacha kupokea simu.

Msimbati_Pwani: Stebilaiza sina. Fundi, ya TV inafaa au ni nyingine?

Fundi_Ligula: Nitumie picha ya ile ya TV, upande wenye namba.

Nachingwea_Kwetu: Witcher 3 ninayo, diski haina mkwaruzo. Kuna mwenye Legendary tubadilishane? Jumamosi nashuka Lindi.