Mjadala: Anga ya Mombasa ifunguliwe, ama tuendelee kupitia Nairobi?

Mtayarishaji wa mikutano, Nyali

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu nyote. Naleta suala lililonikaa moyoni muda mrefu, na naomba tulijadili kwa uzito wake.

Serikali iyaruhusu mashirika ya ndege ya nje yaje Mombasa moja kwa moja, kwa idhini ya kudumu inayojulikana na kila mtu, ama iendelee kutoa ruhusa kwa kupimapima ili Kenya Airways isipoteze abiria wanaopita Nairobi? Mimi nasema ifungue. Wala sisemi kwa ajili ya mtalii wa ufuoni, huyo ana watetezi wengi kila msimu. Namsemea msafiri wa kazi: mjumbe wa kongamano, mwenye mzigo bandarini, mnunuzi wa chai, fundi wa meli aliyeitwa kwa dharura.

Miaka 14 sasa kazi yangu ni kuandaa mikutano. Mwaka mmoja nilipewa mkutano wa watu 85 wa biashara ya usafirishaji, siku mbili, hapa hapa Pwani. Wajumbe wanne walitoka Lubumbashi. Walifika Nairobi, ndege ya jioni ya kuja huku imejaa, wakalala huko kwa pesa zao. Mmoja aliingia ukumbini tukiwa twagawa vyeti. Akanishika mkono akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, muji yenu iko muzuri, lakini iko mbali." Mkutano uliofuata ulipelekwa Kigali, na sikuwa na neno la kuwarudisha.

Sasa tazameni tunabaki na nani. Tunabaki na serikali. Warsha ya wizara, semina ya kamati, mafunzo ya maafisa wa kaunti: hao ndio wanaojaza kumbi zetu, kwa kuwa wao kupitia Nairobi si tatizo, huko ndiko watokako. Mji mzima wa mikutano umejengwa juu ya mteja mmoja. Mwaka 2023 ikaja amri ya kupunguza bajeti ya safari kwa asilimia 50. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto akasimamisha safari zote zisizo za lazima za watumishi wa umma. Wiki ile wote niliopokea simu zao walikuwa wanavunja mikutano. Vijana 11 ninaofanya nao kazi, wapanga viti, mafundi wa vipaza sauti, madereva wa mabasi madogo, wakarudi nyumbani.

Siilaumu amri yenyewe. Watoto wa watu walikufa barabarani wakilalamikia kodi, na posho za safari kweli zilikuwa zimepita kiasi. Ninachouliza ni kwa nini uamuzi mmoja wa Nairobi uweze kuzima riziki ya mji mzima wa pwani. Jibu langu ni kwamba wateja wengine wote tumewawekea mlango ulioko kilomita karibu 500 kutoka hapa.

Mstaafu wa uwanja wa ndege, Magongo

Dada yangu, nimekusoma kwa makini na uchungu wako nauelewa. Lakini nilifanya kazi pale uwanjani miaka mingi, na neno hili "anga imefungwa" lanisumbua kila nikilisikia. Imefungwa wapi? Ethiopian wanatua. Turkish wanatua. Flydubai walianza kutoka Dubai Januari 2024. Anayetaka kuja na ana abiria, huja.

Tuelezane vizuri, maana wengi hubishana bila kujua kinachobishaniwa. Tangu mazungumzo ya Chicago mwaka 1944, haki za ndege huhesabiwa kwa namba. Uhuru wa tatu na wa nne ni shirika kuleta abiria kutoka kwao na kuwarudisha kwao. Hizo nchi nyingi tumeshapeana kwa mikataba ya pande mbili. Kinachogombaniwa hasa ni uhuru wa tano: shirika la nje lishushe watu Mombasa, lipakie wengine wa hapa, liwapeleke nchi ya tatu. Hapo ndipo mtu anapokula kwenye sahani ya Kenya Airways.

Na sahani ile ni yetu. Serikali ina asilimia 48.9 ya shirika lile. Mwaka 2022 lilipata hasara ya shilingi bilioni 38.3. Mwaka 2024 likapata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza katika miaka 11. Mgonjwa ndiyo kwanza ajaribu kuinua kichwa, nanyi mwataka kumvuta mto. Shirika la nje likiona msimu mbaya litaondoka asubuhi bila kuaga. Miaka ya nyuma ndege za kukodi zilijaa hapa kutoka Ujerumani na Uingereza. Baada ya vurugu za Likoni za 1997, na tena baada ya bomu la Kikambala la 2002, zilikwenda wapi? Nilisimama pale nikiangalia uwanja mtupu.

Wakala wa forodha, Kilindini

Mzee, shikamoo. Hasara ya bilioni 38 haikuletwa na ndege iliyotua Mombasa. Tumelinda shirika lile miaka yote hiyo, na hasara imekuja tukililinda.

Halafu ndege peke yake hazitoshi. Mteja wangu wa Blantyre, Malawi, alikuwa akija bila kuulizwa visa. Ilipotangazwa kwamba Kenya haina visa tena kuanzia Januari 2024, tukapiga makofi. Kumbe ni kibali cha mtandaoni cha dola 30, ambacho yeye hakuwa akikilipa kabla ya hapo. Akaniuliza, "Huku ndiko kufungua?" Nashukuru mwaka 2025 karibu nchi zote za Afrika ziliondolewa kwenye kibali hicho, isipokuwa Libya na Somalia. Lakini ule mwaka mzima ulipotea bure, na wafanyabiashara wana kumbukumbu.

Mhudumu wa hoteli, Shanzu

Mimi nitasema machache. Mtalii huja Desemba, huja Agosti. Aprili hadi Juni, mvua za masika, ufuo ni mtupu na mwani umejaa. Wakati huo anayetuweka kazini ni mtu wa kongamano. Asipokuja, karatasi hubandikwa jikoni ya majina ya watakaopumzishwa bila malipo. Jina langu limebandikwa mara mbili.

Kwa hivyo ndege zije. Lakini niliwahi kufanya kazi hoteli iliyojaa mpaka wageni wakalala kwenye vyumba vya mameneja, na mkataba wangu ulikuwa wa kibarua wa siku tu. Kujaa kwa hoteli na kushiba kwangu ni vitu viwili.

Mhasibu, Tudor

Nina mashaka na pande zote mbili.

Kwanza Kigali, maana kila mjadala wa mikutano huishia Kigali. Jumba lao la mikutano lilifunguliwa 2016, na mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola ukafanyika kule Juni 2022. Tangu 2018 raia wa nchi yoyote hupewa visa akifika. Sawa. Lakini RwandAir inabebwa na serikali yao kwa pesa ya umma. Rwanda haikufungua anga ikakaa ikingoja. Ilijenga ukumbi, ikalisha shirika lake, ikalainisha visa, vyote kwa mpango mmoja. Anayetumia Kigali kuitaka serikali iiache Kenya Airways ipambane peke yake amesoma nusu ya hesabu.

Pili, ukumbi. Nairobi kuna jumba la mikutano la KICC. Sisi mikutano mikubwa yote inategemea kumbi za hoteli binafsi, Shanzu na Bamburi, na msongamano wa daraja la Nyali katikati. Ndege ishushe wajumbe 3,000 kesho, watakaa wapi pamoja?

Tatu, gharama tunazojitwika wenyewe. Abiria wa nje hutozwa dola 50 za huduma ya uwanja ndani ya tiketi, wa ndani shilingi 600. Anayepitia Nairobi kwa tiketi mbili tofauti hulipia zote. Sijaona wadau wetu wakilipigia kelele jambo hili, na ni rahisi kulibadilisha kuliko mkataba wa anga.

Na mnunuzi wa chai aliyetajwa hapo juu, nasikitika kusema, amepungua. Mnada wa chai upo Mombasa tangu 1969 na huuza chai ya nchi kadhaa za ukanda huu, lakini 2020 ulihamia kwenye kompyuta. Siku hizi mtu ananunua akiwa Karachi au Cairo. Si kila safari iliyokufa iliuawa na sera.

Mtayarishaji wa mikutano, Nyali

Mhasibu, la mnada nakubali. Nimeandika kwa mazoea. Ila nikwambie, mnunuzi asiyekuja kila wiki bado huja mara moja kwa mwaka kuona maghala, kuonja na kukaa na watu wake. Hiyo safari moja ndiyo ninayoitaka isiwe ya kuchosha.

Kuhusu Kigali, umenisaidia kuliko kunipinga. Huo mpango mmoja ndio nautaka. Ninachokataa ni sisi kubaki na nusu mbaya ya kila kitu: shirika linalindwa, lakini ndege zake za kutoka Mombasa kwenda nje hazitoshi, anga haijafungwa, lakini mwenye ndege hajui ruhusa yake itadumu mpaka lini.

Mzee wa Magongo, hapo kwenye kudumu ndipo nataka unijibu. Mwaka 1999 nchi za Afrika zilikubaliana kule Yamoussoukro kufunguliana anga, hadi uhuru huo huo wa tano. Januari 2018 soko moja la anga la Afrika lilizinduliwa Addis Ababa, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 23 za mwanzo. Tulitia saini wenyewe. Mimi siombi Mombasa iwe kama Dubai. Naomba yale tuliyoyaahidi Waafrika wenzetu yatekelezwe kwanza kwenye uwanja huu, ambao njia yake ya kurukia yazidi kilomita 3 na mchana mwingine hupita saa nzima bila ndege. Shirika la Afrika likitaka kuunganisha Lusaka, Mombasa na Cairo, lipewe haki hiyo kwa miaka kadhaa iliyoandikwa. Mtu hawezi kupanga kongamano la mwakani kwa ruhusa ya miezi sita.

Na la kuondoka bila kuaga: waliondoka kwa sababu ya hofu, mzee. Hata shirika letu lisingeijaza Kikambala wageni mwaka ule.

Dereva wa teksi, Miritini

Samahani nikiingilia. Mwasahau reli. Wajumbe wengi wa serikali siku hizi huja na treni ya Madaraka, daraja la kawaida shilingi 1,500 tangu 2024, lile la juu 4,500. Mtu wa kutoka nje akitua Nairobi asubuhi, hujikuta anatafuta gari la kumpeleka stesheni ya Syokimau, anasubiri, kisha saa tano ama sita njiani. Akinifikia mimi hapa Miritini usiku, huwa hana hata nguvu ya kuuliza bei. Wawili walishanilalia garini kabla hatujafika Makupa.

Mstaafu wa uwanja wa ndege, Magongo

Marahaba, wakala. Na mama wa mikutano, nimelifikiria swali lako tangu Alasiri.

Ukiligeuza hivyo, kwa mashirika ya Afrika na kwa muda ulioandikwa, upinzani wangu unapungua. Saini ni saini. Lakini naweka sharti. Mwenye haki ya uhuru wa tano asije Desemba na Agosti tu. Afunge mkataba wa kuruka hata Mei, mvua ikinyesha, na akiacha njia kabla ya muda wake alipe. Na Kenya Airways iulizwe kwanza: je, njia hii waitaka? Wakisema ndiyo, wapewe miezi ya kuianza. Wakishindwa, apewe mwingine, na asilaumiwe mtu.

Hilo la Kikambala umesema kweli. Lakini mwenye nyumba hubaki hata kukiwa na hofu, na mimi nimeona nani alibaki.

Wakala wa forodha, Kilindini

Miezi mingapi? Wakipewa miaka miwili tumerudi pale pale.

Mstaafu wa uwanja wa ndege, Magongo

Sita. Yatosha kupanga ndege na wafanyakazi kama nia ipo.

Mhudumu wa hoteli, Shanzu

Hilo la Mei nalitia saini kwa mikono miwili, mzee wangu. Na mkipeleka maoni kwa wizara, andikeni jambo moja upande wetu. Kama shirika la ndege litafungwa mkataba wa kuruka mwaka mzima, basi na hoteli itakayopokea wageni wake itufunge mkataba wa mwaka mzima. Mvua ni ile ile.

Mtayarishaji wa mikutano, Nyali

Nimeliandika, dada. Mhasibu, nakuomba unisaidie na hesabu ya zile dola 50 na shilingi 600, nataka ziingie ukurasa wa kwanza.